Masika yameenda, mashimo bado yamejaa maji

Kila Aprili ni ile ile. Mvua inanyesha usiku kucha, na asubuhi WhatsApp imejaa video: matatu imekwama katikati ya maji, nyumba za mabati kando ya Mto Mathare zinabebwa, jamaa amesimama juu ya paa akipunga mkono. Mnasambaza, mnaomba, mnatukana serikali. Halafu Juni inafika. Mawingu yanabaki lakini mvua inakata, watu wanatoa masweta na marvin kwenye mabegi, na habari za maji zinaishia hapo. Kipupwe kimeingia. Sasa stori ni bei ya makaa na nani ana homa.

Mimi nataka tuongee kuhusu maji wakati huu hasa, wakati hakuna anayeyaongelea. Mvua ikikatika, maji hayaendi popote kwa haraka. Yanabaki kwenye matimbo, kwenye malambo, kwenye mashimo ya murram yaliyoachwa na wajenzi wa barabara, na kwenye mapipa nyuma ya nyumba. Yanabaki mengi, yanabaki baridi, na hakuna mtu wa kuyaangalia. Mafuriko yakiua watu ishirini kwa usiku mmoja, wakubwa wanakuja na helikopta. Shimo likiua mtoto mmoja leo, mwingine baada ya wiki tatu, na kijana wa mjengo mwezi unaofuata, hiyo ni aya mbili kwenye habari za kaunti. Hakuna helikopta ya kifo kimoja kimoja.

Kuna hata siku yake rasmi. Aprili 2021, Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio la kuifanya Julai 25 kuwa Siku ya Kuzuia Vifo vya Kuzama Majini Duniani. Kwa mtu wa Ulaya, Julai ni kiangazi, watu wako ufukweni, tarehe inaeleweka. Huku kwetu siku hiyo inatukuta tumejikunyata na kikombe cha chai, kwa hivyo inapita kama vile haituhusu. Lakini inatuhusu kushinda wao. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba watu 300,000 hivi walikufa maji mwaka 2021, na zaidi ya asilimia 90 ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Karibu nusu ya waliokufa walikuwa chini ya miaka 29. Yaani wewe, mimi, na mdogo wako aliye Grade 4.

Tuanze na matimbo, kwa sababu hapo ndipo baridi, maji na uzembe wa watu wazima vinakutana.

Nairobi imejengwa kwa mawe. Ukipita Njiru, Kayole, Ruai au Mlolongo, au ukishika Thika Road hadi Juja na Ndarugo, utaona mawe hayo yalitoka wapi. Fundi yeyote atakuelezea jiwe la Ndarugo linavyokaa kwenye ukuta. Hakuna anayekueleza kuhusu shimo lililobaki jiwe hilo lilipotoka. Timbo, au kware kama tunavyosema mtaani, huchimbwa mpaka mawe mazuri yaishe au maji ya ardhini yaanze kutokeza. Mwenye mashine anahamisha mashine. Msimu wa masika unakuja, shimo linajaa. Juni ikifika, una ziwa dogo la rangi ya kijani katikati ya plot za watu, na ukilitazama kutoka juu unaona kama mahali pazuri pa kupigia picha.

Shida ni umbo lake. Mto au ziwa la kawaida ukingo wake huteremka polepole: unaingia magotini, kiunoni, kifuani, unajua uko wapi. Timbo halina adabu hiyo. Lilikatwa kwa mashine na kuta zake husimama wima kama za nyumba. Umesimama kwenye ngazi ya jiwe, maji yako magotini, unasonga hatua moja mbele na hakuna kitu chini yako. Kutoka nako ni balaa, kwa sababu ukuta una utelezi na hakuna pa kushika. Na huko chini huoni kuna nini. Kuna vyuma, matairi, mawe yaliyobaki. Ukiruka kichwa kwanza unaweza kuvunja shingo hata kabla ya maji kukufanyia chochote.

Halafu usiniambie wanaoenda pale ni watoto watundu tu. Fuata mitungi uone. Mtaa ukikaa wiki nzima bila maji ya mfereji, kuna mama anafua pale, kuna kijana anaosha pikipiki yake ya boda, kuna fundi anachota maji ya kuchanganya simiti. Watoto wanawafuata wakubwa. Likizo ya Agosti ikifika, shule zimefungwa, wazazi wako kazini, na baridi yenyewe ikipumzika saa saba mchana jua likitokea kidogo, unadhani wavulana wa miaka kumi na mbili watakaa kwenye nyumba ya chumba kimoja wakitazama ukuta?

Julai 2024, nchi nzima ililijua timbo moja kwa jina. Miili iliopolewa kutoka timbo la zamani lililogeuzwa jaa la taka pale Kware, Mukuru kwa Njenga, hatua chache tu kutoka kituo cha polisi. Ile ilikuwa hadithi ya mauaji, na hasira ya watu ilikuwa ya haki. Siichanganyi na habari ya watu kuzama. Lakini kuna jambo moja lilipita katikati ya kelele zile bila kuguswa: kwamba shimo refu lenye maji na taka linaweza kukaa wazi katikati ya mtaa wenye maelfu ya watu, na sote tukaliona kama sehemu ya mandhari. Kama mti.

Sasa baridi inaingia wapi?

Wengi wetu tunadhani maji baridi huua kwa kugandisha, kama kwenye filamu ya Titanic. Na kwa kuwa Kenya hatuna barafu isipokuwa kule juu Mlima Kenya, tunaona hiyo ni shida ya wazungu. Si hivyo. Profesa Mike Tipton wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, ambaye amesoma miaka mingi jinsi mwili unavyostahimili baridi, anaeleza kwamba mshtuko wa maji baridi unaweza kuanza maji yakiwa chini ya nyuzi 25 tu, na huwa mkali zaidi kati ya nyuzi 10 na 15. Nyuzi 25, msomaji. Hiyo si barafu. Hayo ni maji ambayo ungeyaita "poa kiasi". Timbo la Juja asubuhi ya Julai liko chini ya hapo, sembuse bwawa la Nyandarua au Limuru.

Kinachotokea ni hiki. Ngozi ikiguswa na baridi kwa ghafla, unavuta pumzi moja kubwa bila kupenda. Si uamuzi wako, ni mwili. Kama kichwa kiko chini ya maji wakati huo, umevuta maji. Baada ya hapo unahema haraka haraka na huwezi kujizuia, moyo unadunda, mishipa ya damu inajikaza. Hali hiyo hutulia baada ya dakika moja hadi tatu hivi. Ukiivuka, mikono na miguu inaanza kuchoka na kukataa amri, na maji yakiwa baridi sana hiyo inaweza kutokea ndani ya dakika kumi. Kule kuganda kwa mwili tunakokuona kwenye filamu kunachukua nusu saa na zaidi. Wengi hawafiki huko. Walishamalizwa na ile dakika ya kwanza.

Ndiyo maana ile "mimi najua kuogelea" haitoshi. Ulijifunzia wapi? Kwenye kidimbwi cha hoteli, jua likiwaka, maji yanafika kifuani, umevaa kaptura, na pembeni kuna ngazi ya chuma. Ujuzi huo ni mzuri, usiutupe. Lakini ukiteleza ndani ya timbo ukiwa na sweta, jaketi na viatu, mita hamsini unazojisifia hazipo. Kitu ulicho nacho ni pumzi, na kwa dakika nzima pumzi yenyewe haikutii.

Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Ni kweli, mwili unataka kutapatapa. Na kutapatapa huko ndiko kunakommaliza. RNLI, shirika la uokoaji baharini la Uingereza, limekuwa likiwafundisha watu kitu ambacho kinaonekana cha kijinga mpaka ukielewe: ukianguka ndani ya maji baridi, usiogelee kwanza. Elea. Laza kichwa nyuma mpaka masikio yaingie majini, uso uangalie juu, tanua mikono na miguu, ipungie maji polepole kama inabidi, na upumue. Usihangaike kuvua sweta. Nguo hushika hewa mwanzoni na inakusaidia kuelea. Ngoja ile dakika ipite. Pumzi ikirudi kuwa yako, ndipo upige kelele, ndipo utafute ukingo wenye pa kushika. Kama kuna kidimbwi karibu nawe chenye mwangalizi, nenda ujaribu kuelea na nguo ukiwa salama. Utacheka, lakini mwili utakumbuka.

Methali hiyo inatudanganya mahali pengine pia. Inatufanya tudhani tutamjua mtu anayezama kwa jinsi anavyotapatapa na kupiga mayowe. Mara nyingi hakuna mayowe. Mdomo unazama na kuibuka, hakuna nafasi ya kuvuta pumzi, sembuse kuita jina la mtu. Mikono haipungi, inasukuma maji chini kwa pande zote mbili. Ukiwa juu ya ukingo unaangalia simu, utadhani anacheza. Watoto ndio huzama kimya kabisa. Kwa hivyo kama uko na watoto karibu na maji na ghafla kelele zimeisha, inua macho.

Na pombe, tafadhali. Najua kipupwe ni msimu wa kujipasha, na keg ya jioni ina wafuasi wake. Pombe hufungua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, ndiyo maana unahisi joto usoni. Joto hilo unalolihisi ndilo linalokutoka. Ongeza hapo marafiki watatu kwenye ukingo wa lambo na mmoja anasema, "Weka mia mbili nivuke mpaka ng'ambo." Hakuna mshindi kwenye bet hiyo.

Kuna jambo lingine linaniuma kwenye hizi habari kila ninapozisoma. Hesabu. Mara ngapi umesoma "ndugu wawili", "baba na mwanawe", "marafiki watatu"? Mmoja aliteleza, wa pili aliingia kumwokoa. Ukiwa na moyo unaruka, inaeleweka. Lakini mtu anayezama anapanda juu ya chochote kinachoelea, na wewe ndiye unayeelea. Anakushika shingo. Wote mnaenda.

Kitu cha kumwokoa kiko pale pale na watu wanakipita. Ni mtungi. Ule mtungi wa plastiki wa lita 20 uliokuja kuchota maji. Umwage, funga kifuniko kabisa, mrushie. Hesabu yake ni rahisi: mtungi mtupu wa lita 20 unaweza kubeba karibu kilo 20 majini kabla haujazama, na mtu mzima akiwa ndani ya maji mpaka shingoni hahitaji hata nusu ya hiyo ili kichwa chake kibaki juu. Mtungi mmoja unatosha. Ukiwa na kamba, ifunge kwenye mkono wa mtungi kabla ya kurusha. Kama huna kamba, tumia mti mrefu, leso mbili zilizofungwa pamoja, bomba la maji, chochote. Wewe lala kifudifudi kwenye ukingo, usisimame, maana akivuta atakuingiza.

Akitoka na hapumui, acha ile ya kumning'iniza miguu juu ama kumkanyaga tumbo ati maji yatoke. Unapoteza muda na unaweza kufanya atapike na matapishi yaende kwenye mapafu. Aliyezama amekosa hewa, kwa hivyo mpe hewa kwanza. Mlaze chali, inua kidevu, ziba pua yake, mpulizie mdomoni mara mbili hadi tano mpaka uone kifua kinainuka. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara thelathini, kwa nguvu na kwa kasi, pumzi mbili, thelathini tena, mbili tena, mpaka msaada ufike. Mtu mwingine apige 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu, ambayo haitozi pesa. Akizinduka, mvue nguo zilizolowa, mfunike kwa kitu kikavu, usimpe pombe, na mpelekeni hospitali hata kama anasema yuko sawa. Maji yaliyoingia kwenye mapafu yanaweza kumletea shida saa kadhaa baadaye.

Sasa tuingie ndani ya nyumba. Hapa nitaongea hasa na wewe uliyeachiwa mtoto wa dada yako.

Maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Mtoto wa mwaka mmoja ana kichwa kizito ukilinganisha na mwili wake. Akiinama kwenye ndoo iliyojaa nusu akitafuta kikombe chake, anatumbukia kichwa kwanza na hana nguvu za kujiinua. Ndoo haianguki kwa sababu ni nzito. Sentimita chache za maji zinatosha. Wakati wa baridi watoto hawa wanashinda ndani, nyumba ni chumba kimoja, na kwa kuwa maji ya mfereji yana siku zake, kila chombo kimejazwa: ndoo, beseni, pipa lisilo na kifuniko pale mlangoni. WHO inasema karibu robo ya wanaokufa maji duniani ni watoto wa chini ya miaka mitano. Hao hawakwenda kuogelea popote. Dawa ya hii ni kifuniko na kumwaga beseni ukimaliza kufua. Si sayansi.

Na ni mtu wa kumwangalia, ambalo ndilo gumu, kwa sababu mathe akienda kazini mtoto hubaki na nani? Bangladesh walilifikiria hili kwa makini. Kule vijijini kuna vidimbwi kila mahali, na waligundua watoto wengi huzama asubuhi mpaka adhuhuri, mama anapokuwa na kazi nyingi. Wakaanzisha vituo vya mtaani, mama mmoja aliyefunzwa anakaa na watoto wadogo ishirini hivi saa hizo. Hakuna ua wa mamilioni wala teknolojia. Vifo vya watoto waliohudhuria vilishuka sana, na sasa WHO inaipendekezea dunia nzima njia hiyo. Katiba yetu ya 2010, kwenye Jadweli la Nne, imezipa kaunti kazi ya vituo vya kulelea watoto, na katika orodha hiyo hiyo kazi ya kukabiliana na majanga. Zote mbili ziko kwa gavana mmoja. Akija tena kwa mazishi na bahasha ya rambirambi, mtu amuulize kwa upole.

Pwani na ziwani nitapita haraka, si kwa sababu ni jambo dogo, ila watu wa huko wanayajua maji yao kuliko mimi wa Nairobi. Mpwani hahitaji kufundishwa kusi. Upepo huo wa kusini unapovuma katikati ya mwaka, bahari huchafuka na nahodha mwenye akili huacha ngalawa nchi kavu. Anayezama msimu huo mara nyingi ni mgeni, kijana wa bara aliyeshuka Mombasa na SGR akaona bahari ni ile ile ya Desemba kwenye picha. Ukienda, waulize wenyeji kwanza, na usiingie kuogelea mahali mawimbi yanarudi kwa nguvu hata kama Instagram inakuita. Ziwa Victoria nalo lina upepo wake wa kusini mashariki miezi hii, na wavuvi wa omena hufanya kazi usiku, gizani, kwenye mashua ndogo. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa ziwa, mara nyingi kwa simu na redio. Jaketi la kuokoa maisha ukilitazama kwenye boti nyingi za abiria limewekwa chini ya kiti, au ndilo kiti chenyewe. Boti ikipinduka hutakuwa na muda wa kulitafuta, na ukilipata huwezi kulifunga kifungo kwa vidole vilivyoganda. Livae ukiwa bado ufuoni. Kondakta wa boti akicheka, acha acheke.

Turudi kwa matimbo, kwa sababu sitaki uondoke ukidhani hii yote ni kazi yako na mtungi wako. Shimo lina mwenyewe. Kuna mtu alipata pesa kwenye mawe yale. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inamtaka mwenye leseni ya kuchimba awe na mpango wa kurudisha ardhi katika hali nzuri akimaliza, na NEMA ina mamlaka ya kudai hivyo hivyo. Mkandarasi wa barabara aliyechimba murram kando ya kijiji chenu pia anatakiwa kufunika alipochimba. Lakini barabara ikikatwa utepe kila mtu anapiga picha na lami. Hakuna anayeenda kupiga picha na shimo.

Kinachotusaidia kunyamaza ni ile imani kwamba maji yana wenyewe. Unaisikia karibu na kila lambo: "hilo hula watu", "kila mwaka lazima lichukue mmoja". Wazee wakisema hivyo siwadharau. Labda ni namna ya kuwatisha watoto wasikaribie, na kitisho hicho kimeokoa wengi kuliko vibao vya serikali. Ila imani hiyo ina faida kubwa sana kwa mwenye shimo. Kama ni jini, basi hakuna wa kushtakiwa. Wapiga mbizi wa mtaa wanakuja kwa kujitolea na kamba zao, wakati mwingine siku tatu kabla mwili upatikane, familia inakesha pale kwenye baridi na moto wa mbao, na mwenye timbo hata hajulikani anaishi wapi.

Jina lake linaweza kujulikana. Namba ya kipande cha ardhi ikipatikana, unaweza kutafuta rekodi ya umiliki kupitia Ardhisasa au ofisi ya ardhi, na chifu wa eneo kawaida anajua ni nani aliyekuwa akichimba. Barua ya malalamiko kwa ofisi ya NEMA ya kaunti haihitaji wakili. Inahitaji mahali shimo lilipo, picha, tarehe, na sahihi za majirani. Vikundi vya vijana mnavyosajili kwa ajili ya mikopo na kazi za kusafisha mitaro, si mna katibu? Anaweza kuandika moja. Mtu akizama baadaye na barua yenye muhuri wa kupokelewa iko kwenye faili, ile habari ya jini inakuwa ngumu kuiuza.

Barua itachukua miezi, na shule zinafungwa Agosti. Kwa hivyo wiki hii, kabla ya hapo, kuna kitu cha kufanya kwenye timbo la mtaa wenu kwa pesa ya soda za kikundi. Mti mmoja uchimbiwe pale ambapo watu hushukia kuchota maji. Juu yake utundikwe mtungi mzee wa lita 20, ambao hauvuji na kifuniko chake kimefungwa, umefungiwa kamba ya mita kumi na tano. Hardware wanauza kamba kwa mita. Utaibiwa, najua. Weka mwingine. Na uuandike kwa rangi nyekundu namba 1199.